Kiboko Hakutikisa Ardhi

Katika kijiji cha Pembeziwa ardhi ilizoea kutikisika kila jioni, saa ile Mwenyekiti Kiboko alipotoka majini kwenda malishoni. Vikombe viligongana rafuni, vifaranga wakashtuka, na mama zao wakawatuliza: lala, mwanangu, ni serikali inapita. Kwa hiyo siku tetemeko lilipokuja kweli, Jumamosi alasiri, wengi walidhani Mwenyekiti kawahi njaa.

Halikudumu. Aliyekuwa na tonge mkononi hakuwahi kulimeza. Lakini lilipokwisha, vichuguu vya akina Mchwa vilikuwa vifusi, viota vya akina Mnana vilikuwa chini pamoja na matawi yake, na mashimo ya ukoo wa Fuko yalikuwa yamejifukia na waliokuwamo. Waliokufa walizikwa kesho yake na majirani. Mazishi hayo siyasimulii. Hekaya hii ni ya kejeli, na pale hapakuwa na la kucheka. Nyumba zilizoanguka kabisa zilikuwa 240.

Kabla sijaendelea, niseme habari ya ada. Tangu enzi za babu yake Kiboko, kila kaya ilitoa pishi moja ya mtama kila mavuno, na ikaitwa ada ya kivuli. Ukiuliza kivuli gani, unaambiwa kivuli cha serikali. Uliyekaa juani ulilipa. Uliyekaa chini ya mti ulioupanda kwa mkono wako ulilipa vilevile. Asiyelipa alitembelewa na Mamba, ofisa wa mapato, na sijapata kusikia aliyebishana na Mamba mara mbili. Mtama wote ulipelekwa kwenye ghala la mawe kilimani, na juu ya mlango wake paliandikwa kwa herufi kubwa: AKIBA YA SIKU YA SHARI. Ghala hilo tetemeko halikulitia hata ufa. Majengo ya kukusanyia mali za watu huwa yanajengwa vizuri.

Mtunza ghala alikuwa Panyabuku. Anayemfahamu mnyama huyu anajua kwamba ana mifuko ndani ya mashavu, na nadhani cheo alikipata kwa sababu hiyo: hakuhitaji gunia. Ukimwuliza jambo la hesabu hakujibu. Haikuwa jeuri. Kinywa kilikuwa kimejaa.

Siku tatu za mwanzo serikali ilifanya vyema, tusiwe wachoyo wa sifa. Mwenyekiti alifika mwenyewe, kwa miguu, akapita kifusi kwa kifusi akitoa pole. Alilia, na kiboko akilia machozi yanaonekana kutoka mbali. Msemaji wa serikali, Kasuku, alipanda kwenye mti mmoja uliobaki na majani akatangaza, "Serikali iko pamoja nanyi! Serikali iko pamoja nanyi!" Akarudia mpaka jua likatua, maana kurudia ndiko alikosomea.

Habari ikafika vilima vya jirani. Tembo wa magharibi wakaleta nguzo, kila mmoja mbili. Twiga wakaleta makuti ya kule juu ambako wengine hatufiki. Hata Tumbili, ambao maishani mwao hawajajenga kitu, walichanga mkungu wa ndizi, ndizi mbili zikiwa zimeliwa nusu. Na kila mzigo ulikuja na maneno yake, yakasemwa mbele ya mashahidi: hizi ni za nyumba za walioangukiwa.

Panyabuku akapokea. Akalitazama lile ghala la mawe, akaona lina daftari, lina kufuli, na lina macho ya watu. Usiku akachimba ghala la pili nyuma yake, akaandika juu ya mlango wake maneno yale yale, AKIBA YA SIKU YA SHARI, ila herufi moja ililala upande. Wageni wa mbali hawakuijua njia. Wakashusha mizigo mlango wa nyuma, wakarudi kwao na mioyo myepesi.

Jambo lilifichuka mapema, maana nguzo za tembo hazifichiki shavuni. Mwenyekiti alinguruma mpaka ziwa likasikia. Akamwita Panyabuku na karani wake Kuchakuro hadharani, akawavua vyeo pale pale. Kijiji kikapiga vigelegele. Tuna mwenyekiti! Nami sina ubishi: ilikuwa haki. Ila katika vigelegele hivyo hakuna aliyeuliza ile mizigo ya mlango wa nyuma itakwenda wapi. Ilihamishiwa mlango wa mbele, na mlango wa mbele ukafungwa.

Wiki zikapita. Watu walilala chini ya majani ya migomba, familia mbili kwa jani. Vuli ikaanza kunyesha. Kisha asubuhi moja ikasikika milio ya nyundo, na waliolala kwenye majani wakainuka kwa furaha kwenda kuona ni nyumba ya nani imeanza. Nguzo za Tembo zilikuwa zinasimikwa kwenye Ukumbi wa Baraza. Nyingine zilikwenda kwenye zahanati. Na ile njia ya kutoka ziwani hadi malishoni, inayopitiwa na mtu mmoja jioni, ilikuwa inamwagwa changarawe.

Manung'uniko yakawa makubwa kiasi kwamba Mwenyekiti akaitisha mkutano chini ya mkuyu.

"Ndugu wananchi," akaanza, na vumbi likaruka. "Kuna maneno yanapita mitaani kwamba serikali iwajengee watu nyumba. Naomba niulize swali, na mwenye jibu anijibu. Tetemeko hili nililileta mimi?"

Kimya. Wachache waliitazama miguu yake.

"Sikuitikisa mimi ardhi! Imejitikisa yenyewe. Kosa la ardhi nalilipaje mimi? Kesho ikinyesha mvua ya mawe mtaniletea vichwa vyenu? Serikali itatengeneza kilicho cha wote: ukumbi, zahanati, barabara. Cha mtu ni cha mtu. Mtazameni mwenzenu Kobe! Ana nyumba yake, anaibeba mwenyewe, hajapata kuja ofisini kwangu kuomba hata msumari."

"Hata msumari!" akaitikia Kasuku. "Hata msumari!"

Kobe hakuwa amezoea kusifiwa. Akatoa kichwa polepole. "Nashukuru, Mheshimiwa. Ila hili gamba sikulijenga. Nimezaliwa nalo, aliniachia baba. Mimi hata banda la kuku sijui kulisimamisha." Akarudisha kichwa ndani.

Watu walicheka, na Mwenyekiti akacheka nao, maana alikuwa bado hajaelewa. Wapo watakaosema hapa kwamba nimemchora fulani. Wakumbuke kwamba kiboko hasomi magazeti.

Ndipo aliposimama Bi Fuko. Bi Fuko haoni, na hilo lilimpa faida ambayo sisi wenye macho hatuna: hakuwahi kuuona ukubwa wa Mwenyekiti. Alichojua ni sauti tu, na sauti hiyo masikioni mwake ilikuwa ya kijana mwenye mafua. Kwa umri alikuwa amemzidi mbali, kwa hiyo Mwenyekiti ilimbidi aanze yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali la mtu asiyesoma. Ile pishi yangu ya kila mavuno, huwa unaichukua ya kazi gani?"

"Ya ulinzi, Bibi. Serikali inakulinda."

"Na nini?"

"Na adui."

"Adui gani amekuja tangu nizaliwe?"

Mwenyekiti akafikiri. "Hajaja kwa sababu unalindwa."

"Haya. Na huyu aliyekuja Jumamosi alasiri, akanichukulia wajukuu wawili, huyu si adui?"

"Hilo ni janga la asili, Bibi."

"Kumbe yuko adui wa kulindwa naye, na adui wa kuachiwa Mungu. Mbona Mamba hakunipunguzia pishi kwa ajili ya huyu wa pili?" Mamba, aliyekuwa mstari wa mbele, akafunga kinywa. "Mwanangu, hakuna hapa anayesema ulitikisa. Hatua zako tunazijua, hazifiki huko. Mkunga hampi mtu mimba. Lakini akigongewa mlango usiku hasemi nendeni kwa mwenye mimba yake. Anajifunga kanga, anashika njia, kwa sababu ndiyo kazi tuliyompa, na mwaka mzima tumekuwa tukimpelekea kuku."

Hapo mkutano ulitaka kumwinua Bi Fuko juu juu, na hekaya nyingine ingeishia hapa, Mwenyekiti akatahayari akafungua ghala. Lakini Kiboko hakuwa mjinga. Mjinga hakai kwenye kiti miaka yote ile.

"Bibi," akasema, na safari hii hakunguruma, "tuache maneno matamu, tufanye hesabu. Nyumba moja, na nguzo zake na makuti yake na ujira wa fundi, haipungui pishi 10. Zimeanguka 240. Hizo ni pishi 2,400. Ghalani mna pishi 400, na michango yote ya majirani tukiithamini haivuki nyingine 100. Nikijenga nyumba 50, watu 190 watanilaani hadi kaburini, wataniuliza kwa nini yule na si mimi. Nikijenga ukumbi, wote wataingia."

Lazima nikiri kwamba hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya maana kutoka kwa serikali tangu siku ya tetemeko. Watu walinyamaza wakihesabu kwa vidole, kila mnyama kwa vidole alivyojaliwa.

"Sasa hii," akasema Bi Fuko, "ungetuambia tangu mwanzo. Ulituambia hukutikisa. Hukutuambia huna."

Juu ya tawi alikuwapo Mbayuwayu. Hakuwa na kura Pembeziwa. Alikuwa mgeni wa msimu, mwenye safari zake za kwenda na kurudi. Lakini ukoo wake hujenga kwa tope chini ya mapaa ya binadamu, na nyumba ya binadamu ikianguka, kiota nacho kimeanguka. Kwa hiyo mambo ya matetemeko ameyarithi. Akaomba neno.

"Mheshimiwa, maneno yako nimeyasikia kabla, nikiwa nimetua kwenye waya wa umeme Bukoba," akasema. "Ilikuwa Jumamosi pia, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri vilevile. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 5.9. Binadamu wasiopungua 16 walikufa, nyumba zaidi ya 2,000 zikalala chini, na maelfu nyingine zikabaki na nyufa za kupitisha mkono. Michango ikaja kutoka kila upande. Hata mlango wenu wa nyuma na wao walikuwa nao: ilifunguliwa akaunti ya benki yenye jina la kufanana na ile ya kamati ya maafa, na mwezi haukwisha kabla wakubwa wawili wa serikali mkoani hawajaondolewa kazini."

"Walivuliwa hadharani?" akauliza Mwenyekiti kwa shauku.

"Ikatangazwa nchi nzima. Kisha mapema Januari 2017 akaenda Rais wao, John Magufuli, akawaambia waziwazi kwamba serikali haikuleta tetemeko, kwamba haiwezi kumjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba itashughulikia shule na taasisi nyingine za umma."

Kiboko akapanua kinywa mpaka jua likaingia. "Mnasikia! Huyo ndiye kiongozi."

"Na shule zilijengwa," akaendelea Mbayuwayu, "sitaki kumdhulumu mtu. Shule ya Ihungo ilisimama upya kwa msaada wa Uingereza, ikasimama vizuri. Mtoto naye ni wa kufikiriwa. Anayesema shule ingoje hajawahi kuwa na mtoto. Lakini mimi makao yangu ni mapaa ya watu wa kawaida, kwa hiyo hayo ndiyo ninayoyatazama. Palipoachwa kila mtu ajijengee, paa lilianza kurudi kwa mwenye mwana mjini, likaja kwa mwenye ng'ombe wa kuuza, likachelewa sana kwa mjane."

Akanyoosha bawa. "Sasa sikilizeni la pili, la nchi ile ile. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua ilibomoa ubavu wa Mlima Hanang. Tope na mawe na magogo vikashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya karibu, wakafa watu zaidi ya 80. Serikali haikuuliza nani kaliteremsha tope. Walitafuta eneo, huko Waret, wakapima viwanja, na Desemba ya mwaka uliofuata zikakabidhiwa nyumba 109, nyingi zikiwa za serikali na nyingine za Chama cha Msalaba Mwekundu. Nyumba zile zile ambazo Bukoba ziliitwa za mtu binafsi."

"Basi walikuwa wamebadili sheria," akasema Mwenyekiti.

"Waliibadili. Ilikuwapo ya usimamizi wa maafa ya 2015, ikaja nyingine ya 2022. Lakini hata ile ya kwanza ilikuwa imeshatungwa wakati Bukoba inaanguka. Sheria haikumkataza mtu kumjengea mjane."

"Basi ni moyo wa mkubwa aliyepo."

"Wapo wanaosema hivyo. Mimi ni fundi, huangalia idadi kwanza. Nyumba 109 na nyumba 2,000 si kazi moja, na anayezilinganisha bila kusema hivyo anawaonea wa Bukoba na wa Hanang pia. Ila na 2,000 nazo zina za kwanza. Nilikaa juu ya ule waya nikajiuliza: 109 za kwanza za Bukoba zingekuwa za nani? Sikupata jibu, kwa sababu mtu akisema haiwezekani kujenga zote, swali la nani aanze halifiki mezani."

Mkutano ukaguna. Kiboko akakuna sikio kwa ukwato. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kicheko cha Kobe.

Mbayuwayu angeweza kushuka, lakini msafiri akipewa nafasi haachi. Akaingia katika habari za Lisbon, tarehe 1 Novemba 1755, mji wa Wareno ulipotikiswa, ukavamiwa na bahari, ukashika moto, vyote vikianza ndani ya siku moja. Mfalme wao, José, aliogopa kuta za mawe maisha yake yote yaliyobaki, akaishi katika mahema na majengo ya mbao. Kazi ikamwangukia waziri wake, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal. Huyo hakuwa malaika: alinyonga waporaji upesi, na maadui zake baadaye aliwafanyia mambo ya kutisha. Ila alituma maswali kwa kila parokia ya nchi. Tetemeko lilidumu kwa muda gani? Wamekufa wangapi? Nyumba ngapi zimeanguka? Bahari ilianza kupanda au kushuka? Wafanyabiashara wakakubali kutozwa asilimia 4 ya bidhaa zinazoingia ili mji ujengwe. Na nyumba mpya zikawekewa tundu la mbao ndani ya kuta, ili ukuta ukicheza mbao zishike.

"Mbao? Ndani ya ukuta?" Walikuwa akina Mchwa, waliokuwa wamesinzia tangu sehemu ya hesabu. "Ukuta mzima?"

"Nyinyi mtafundisha tu," akasema Bi Fuko. "Mtalipwa mtama."

"Na walijuaje kwamba tundu litashika?" akauliza Mwenyekiti. Kwa mara ya kwanza hakuwa anauliza swali la mtego.

"Inasimuliwa kwamba walisimamisha nyumba ya mfano, wakawaambia askari waizunguke wakipiga miguu chini kwa nguvu zote."

Wanyama wote wakageuka kumtazama Kiboko. Naye akaitazama miguu yake.

Mengine yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, isipokuwa yale yaliyokwenda taratibu sana. Iliafikiwa kwamba nguzo na makuti yaliyoletwa kwa jina la nyumba yarudi kwenye nyumba. Ukumbi ukabaki na paa nusu, na tangu hapo mikutano ya Pembeziwa imekuwa mifupi siku za mvua. Zahanati iliachwa iendelee. Bi Fuko mwenyewe ndiye aliyeitetea. Changarawe ilizolewa ikaenda kwenye misingi. Akina Mchwa wakachaguliwa mafundi wakuu, kwa sharti kwamba usiku mbao zilale kwingine. Na kila nyumba ya mfano ilipokamilika, Mwenyekiti aliizunguka mara tatu jioni akienda malishoni, akikanyaga kwa ari ambayo hakuna aliyewahi kuiona katika utumishi wake. Ya kwanza ilianguka. Ya pili iliinama. Ya tatu ilimpigia kelele kidogo, ikatulia, na Kiboko alirudi ziwani akiimba.

Ugomvi ulikuwa kwenye orodha. Karani mpya, Kicheche, aliandaa majina 50 ya kwanza akayabandika ukutani.

"Ukutani mimi yananipita," akasema Bi Fuko. "Nisomee."

Ikabidi isomwe chini ya mkuyu, mbele ya wote. Jina la kwanza: Mamba, nyumba ya wageni. Watu wakacheka. Jina la pili: Konokono, nyumba mbili. Konokono akaapa kwamba hakuomba, ameshangaa na yeye. Jina la tano lilikuwa la ndugu yake Kicheche, aliyehamia Pembeziwa wiki moja baada ya tetemeko. Hakuna aliyetoa hoja wala kupiga kura; jina lilisomwa, watu wakaguna au wakanyamaza, na lililogunwa likafutwa. Hadi jua linatua yalibaki majina 31. Jumamosi iliyofuata wakasoma tena, na iliyofuata. Nimeona njia nyingi za kukagua matumizi ya fedha za umma, na sijaona yenye gharama ndogo kuliko kumsomea kwa sauti bibi asiyeona mbele ya majirani wanaojua kila kitu.

Waliobaki 190 hawakupata nyumba mwaka ule. Walipata nguzo zilizobaki, mbili mbili, na fundi Mchwa wa kuwaelekeza wafunge tundu la kuta, na namba katika foleni ambayo kila mmoja aliijua. Wengine walisubiri mavuno matatu. Walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Wapo waliohama kwenda kilima cha Twiga wasirudi. Lakini aliyekuwa wa 117 alijua yeye ni wa 117, na akipita mbele ya nyumba ya wa 60 alimjua mwenyewe ni mjane wa Mnana, na alijua kwa nini katangulia.

Siku ya kukabidhi nyumba nne za kwanza serikali ilijiandaa. Utepe ulifungwa, pilau ikapikwa, na Mwenyekiti akiwa mgeni rasmi katika shughuli yake mwenyewe aliagiza kibao cha mninga kilichochongwa: NYUMBA HIZI ZIMEJENGWA KWA HISANI YA MWENYEKITI KIBOKO. Kibao kilifunikwa kwa kitambaa, wakapewa akina Mchwa jioni wakisimamishe mahali pake. Nadhani aliyetoa agizo hilo hakulifikiria sana.

Asubuhi hotuba zikasomwa. Mwenyekiti akavuta kitambaa. Mbele kulikuwa na vumbi, na nyuma kulikuwa na vumbi, na katikati ya kibao yamebaki maneno matatu.

"Kwa hisani ya!" akasoma Kasuku kwa sauti kuu. "Kwa hisani ya! Kwa hisani ya!" Akakwama hapo.

Mwenyekiti akawageukia akina Mchwa. Wakatazama chini, wote laki moja.

"Ya nani?" akauliza Bi Fuko kutoka nyuma. "Msimkatize Kasuku, bado anasoma. Kama ni ya waliotoa pishi, karani ana daftari la ada pale kwa Mamba. Anza na wa kwanza, mwanangu, tunakusikiliza."

Kicheche akaangalia huku na huku, akafungua daftari, akaanza. Kaya zilikuwa 612. Alipofika herufi M, pilau ilikuwa imepoa na mgeni rasmi alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba namba moja, ambao haukutikisika. Akaomba kwa upole kama majina yaliyobaki yangeweza kuchukuliwa kuwa yamesomwa.

"Kuna waliochelewa, hawakusikia ya mwanzo," akasema Bi Fuko, na Kicheche akarudi ukurasa wa kwanza.